MAANA YA "IMEHIFADHIWA": JINSI KOMPYUTA INAVYOLIPA DENI LA FAILI KWA DISKI

1. Neno na ahadi yake

Kiambishi -me- cha Kiswahili hueleza tendo lililokwisha timia na hali iliyobaki baada ya tendo hilo. Mtu asemapo mlango umefungwa, msikilizaji hutarajia kuukuta umefungwa. Kwa hiyo programu ya kompyuta inapoandika kiooni kwamba faili imehifadhiwa, msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuelewa ya kuwa kazi imekwisha na kwamba maandishi yake yako salama. Katika kompyuta nyingi ahadi hiyo si kamili. Mara nyingi maana yake ni hii tu: maandishi yamepokewa, nayo yataandikwa kwenye diski baadaye kidogo. Kati ya kupokewa na kuandikwa kuna muda, na katika muda huo kazi yaweza kupotea.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa watu wafanyao kazi ya lugha mbali na miji mikubwa. Mji wa Mikumi, katika Wilaya ya Kilosa, uko mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia hukutana na ile iendayo Kidatu na Ifakara. Katika vilima na mabonde ya wilaya hiyo husemwa Kividunda, Kisagara na Kikaguru, lugha ambazo Malcolm Guthrie alizipa alama za G.38, G.39 na G.12 katika mpango wake wa lugha za Kibantu. Maandishi ya lugha hizi ni machache. Masimulizi ya mzee mmoja, au orodha ya majina ya miti iliyokusanywa kwa siku nzima, yaweza kuwa na nakala moja tu duniani, nayo imo ndani ya kompyuta ya mkononi juu ya meza ya nyumba ya wageni. Bwawa la Kidatu, lenye mitambo ya megawati 204, liko upande huo huo wa nchi na lilianza kutoa umeme mwaka 1975. Lakini kukaa karibu na chanzo cha umeme hakuzuii umeme kukatika, wala hakuzuii betri kuisha.

Makala hii yaeleza jinsi mfumo wa faili unavyokumbuka ni faili zipi zimebadilika, wakati gani unaziandika kwenye diski, na kwa utaratibu gani. Mifano mingi imetolewa katika mfumo wa Linux, kwa kuwa taratibu zake zimewekwa wazi kwa ye yote apendaye kuzisoma.

2. Pande mbili za faili

Faili ina pande mbili. Upande wa kwanza ni yaliyomo: maneno ya kamusi, sauti ya msimulizi, picha. Upande wa pili ni maelezo juu ya faili yenyewe: ukubwa wake kwa baiti, mwenyewe ni nani, nani aruhusiwa kuisoma, wakati iliposomwa mara ya mwisho, wakati ilipobadilishwa, na mahali yaliyomo yalipowekwa katika diski. Katika mifumo ya ukoo wa Unix maelezo haya hukaa katika kadi ndogo iitwayo inodi. Jina la faili halimo katika kadi hiyo. Jina huandikwa katika saraka, nayo saraka huelekeza kwenye namba ya inodi. Ndiyo sababu faili moja yaweza kuwa na majina mawili, na ndiyo sababu faili yaweza kubadilishwa jina bila yaliyomo kuguswa.

Msomaji aweza kudhani kwamba yaliyomo ndiyo mali, na maelezo ni karatasi za ofisini tu. Sivyo. Inodi ikipotea, maneno yote ya kamusi yaweza kuwa bado yamo ndani ya diski, lakini hapana ajuaye yalipo, wala yanapoanzia na kuishia. Ukubwa ulioandikwa ukiwa sifuri, mfumo utasema faili ni tupu, hata kama diski imejaa sauti.

3. Ubao na daftari kuu

Kompyuta ina mahali pawili pa kuwekea vitu. Kumbukumbu ya muda ni nyepesi sana, lakini umeme ukikatika hufutika yote. Diski hubaki na yaliyoandikwa hata bila umeme, lakini ni nzito. Kuifikia kumbukumbu huchukua kadiri ya nanosekunde 100. Kufikia mahali fulani katika diski ya sahani zizungukazo huchukua kadiri ya milisekunde 10, yaani mara 100,000 zaidi. Diski za kisasa zisizo na sahani zimepunguza tofauti hiyo, lakini hazikuiondoa.

Tena diski haiandiki baiti moja moja. Katika mfumo wa ext4, ambao hutumika sana katika Linux, bloku ya kawaida ina baiti 4,096, na inodi ya kawaida ina baiti 256. Basi bloku moja hubeba inodi 16. Kubadilisha saa moja tu katika inodi moja ni kuandika upya bloku nzima yenye kadi 16. Kama mfumo ungefanya hivyo kila mara herufi moja iongezwapo, kazi isingekwenda.

Mfano wa mashamba ya mkonge ya Kilosa na Kimamba wafaa hapa. Ichukuliwe kwamba karani yuko shambani akihesabu matita ya mkonge ya kila mkataji. Hawezi kukimbia ofisini kwa kila tita. Huandika hesabu kwa chaki katika ubao, na baadaye huipeleka katika daftari kuu. Kazi huenda upesi, na mtu aliyekata matita 90 huandikwa katika daftari mara moja, si mara 90. Lakini mvua ikinyesha kabla karani hajafika ofisini, ubao hufutika, naye mkataji hukosa ujira wa jasho lake. Ubao ni kumbukumbu ya muda. Daftari ni diski. Mvua ni umeme kukatika.

4. Alama ya deni

Karani mwenye ubao mmoja hana shida ya kujua lipi halijaandikwa. Kompyuta ina maelfu ya inodi katika kumbukumbu, na nyingi kati yake zimesomwa tu, hazikubadilishwa. Kwa hiyo kila inodi ina alama, na programu inapoibadilisha, kiini cha mfumo huitia alama hiyo na kuiweka katika orodha ya faili za diski ile zinazongoja kuandikwa. Kiingereza huiita hali hiyo kwa neno lenye maana ya "chafu". Neno hilo likifasiriwa hivi hivi katika Kiswahili hupotosha, maana faili hiyo haina kasoro yo yote. Kinyume chake, ndiyo iliyo na habari za karibuni kuliko ile iliyo katika diski. Uhusiano wenyewe ni wa deni: kumbukumbu imepokea kitu ambacho lazima ikifikishe kwenye diski. Basi "inodi yenye deni" husema kweli zaidi.

Madeni nayo si ya aina moja. Linux hutofautisha aina tatu. Kuna deni la nyakati peke yake, kama saa ya kubadilishwa. Kuna deni la maelezo ambayo bila hayo yaliyomo hayasomeki, kama ukubwa na mahali pa bloku. Na kuna deni la yaliyomo yenyewe. Tofauti hii ina faida, kwa sababu deni la kwanza laweza kungoja bila madhara makubwa, na la pili haliwezi.

Saa ya kusomwa ndiyo iliyoleta usumbufu mkubwa zaidi, kwa kuwa kila kusoma kulizaa kuandika. Tangu toleo la 2.6.30 la Linux, mwaka 2009, desturi ya kawaida ni kuiandika upya saa hiyo ikiwa tu ni ya zamani kuliko badiliko la mwisho la faili, au imepita siku moja. Mwaka 2015, katika toleo la 4.0, iliongezwa njia nyingine, kwa mtumiaji aichaguaye, ambayo huziacha nyakati zikae katika kumbukumbu hata saa 24 isipokuwa inodi ina sababu nyingine ya kuandikwa.

5. Siku ya kulipa

Deni hulipwa lini? Kwa thamani za kawaida za Linux, ambazo msimamizi aweza kuzibadili, mlipaji huamka kila sekunde 5 na kuandika kila chenye deni la zaidi ya sekunde 30. Umri wa deni huhesabiwa tangu inodi ilipotiwa alama mara ya kwanza, si tangu ilipobadilishwa mara ya mwisho. Sababu yake ni wazi. Kama kila badiliko lingeanza hesabu upya, faili ibadilikayo kila sekunde isingelipiwa kamwe.

Wingi nao hulazimisha malipo. Yenye deni yakizidi asilimia 10 ya kumbukumbu iliyopo kwa kazi hiyo, mlipaji huanza kuandika bila kungoja. Yakifika asilimia 20, programu ziandikazo zenyewe husimamishwa mpaka deni lipungue. Mtumiaji huona kompyuta imeganda, kumbe inalipa. Kadhalika deni hulipwa lote diski inapoondolewa kwa utaratibu, au kompyuta inapozimwa kwa utaratibu.

Kuna jambo dogo katika kulipa ambalo lataka akili. Alama ya deni hufutwa kabla ya kuandika, si baada yake. Mtu aweza kuona hilo ni kinyume cha busara, maana mdai wa kawaida hafuti deni kabla ya kupokea fedha. Lakini programu yaweza kuibadilisha faili wakati ile ile inapoandikwa. Kama alama ingefutwa mwishoni, badiliko lililoingia katikati lingefutiwa alama yake pamoja na la zamani, na lisingeandikwa tena. Alama ikifutwa mwanzoni, badiliko jipya huitia upya, na inodi hurudi katika orodha.

6. Utaratibu wa kuandika na daftari la nia

Kuunda faili moja mpya hudai mambo kadha wa kadha yaandikwe mahali mbalimbali: ramani ionyeshayo inodi zilizo wazi, inodi yenyewe, jina katika saraka, na ramani ya bloku zilizotumika. Umeme ukikatika katikati, jina laweza kuwamo katika saraka bila inodi, au bloku moja ikadaiwa na faili mbili. Zamani dawa ilikuwa kuikagua diski yote wakati wa kuwasha, kadi kwa kadi, kazi ambayo kadiri diski zilivyokua ilichukua muda mrefu mno.

Mifumo ya baadaye ilitumia daftari la nia. Kabla ya kugusa mahali pake hasa, mfumo huandika katika sehemu maalum ya diski mabadiliko yote ya maelezo yaendayo pamoja, kisha hutia muhuri kwamba fungu hilo limekamilika. Baadaye, kwa nafasi, huyapeleka mahali pake. Umeme ukikatika, kompyuta ikiwashwa tena husoma daftari: fungu lenye muhuri hutekelezwa upya, na lisilo na muhuri hutupwa kana kwamba halikuwako. Mfumo wa NTFS wa Microsoft ulikuja na utaratibu wa namna hii mwaka 1993. Linux ilipata ext3 mwaka 2001, na ext4 ilitangazwa kuwa tayari kwa kazi mwaka 2008. Katika ext4 muhuri hutiwa kila sekunde 5 kwa kawaida.

Yafaa ieleweke vema daftari hili hulinda nini. Hulinda mpango wa mfumo: saraka na inodi zisigombane. Haliahidi kwamba maneno yaliyoandikwa dakika ya mwisho yatakuwamo. Mtafiti aliyeongeza neno mkumi katika faili ya kamusi, lile jina la mti uliouzalia mji wa Mikumi jina lake, aweza kuikuta faili ikiwa nzima kabisa, saraka ikiwa safi, na neno lenyewe halimo.

7. Kudai malipo

Programu isiyotaka kungoja yaweza kudai malipo papo hapo. Amri iitwayo fsync humwambia kiini cha mfumo aandike yaliyomo na maelezo ya faili moja, wala asirudi mpaka diski ikubali kwamba imeyapokea. Nduguye, fdatasync, huacha deni la nyakati peke yake lingoje, lakini ukubwa mpya hauachi, kwa kuwa bila huo yaliyomo hayasomeki. Na kwa kuwa jina limo katika saraka, si katika inodi, programu ya uangalifu huidai saraka nayo. Aidha diski yenyewe ina kumbukumbu yake ndogo ndani. Kwa hiyo dai la kweli lazima lifuatwe na amri kwa diski kwamba nayo iyateremshe yaliyomo humo.

Mwaka 2009 faida ya kudai ilionekana wazi. Ext4 ilikuwa ikichelewesha hata kuchagua bloku za yaliyomo, ili ichague vizuri zaidi. Programu nyingi zilizoea kuandika faili mpya na kuipa jina la ile ya zamani bila kudai malipo. Badiliko la jina liliingia katika daftari la nia upesi, yaliyomo yakabaki katika kumbukumbu. Kompyuta ilipozimika ghafula, watumiaji walikuta faili zao zina jina sahihi na ukubwa wa sifuri. Ya zamani ilikwisha ondolewa, na mpya haikufika. Watengenezaji wa ext4 waliongeza kinga kwa desturi hiyo, lakini fundisho lilibaki: njia ya salama ni kuandika faili mpya kando, kuidai ilipwe, kuibadilisha jina, kisha kuidai saraka.

Mwaka 2018 lilijulikana jambo lililoshtua zaidi. Watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL waligundua ya kuwa diski ikishindwa kuandika, Linux iliweza kutoa taarifa ya kosa mara moja na wakati huo huo kuviondolea alama vile vilivyoshindwa kuandikwa. Programu ikidai mara ya pili, ilijibiwa kwamba hakuna deni. Deni lilikuwa limefutwa bila kulipwa. Tangu hapo PostgreSQL, ipatapo kosa la namna hiyo, hujisimamisha na kuanza upya kutoka katika daftari lake lenyewe, badala ya kuliamini jibu la pili.

8. Kadi ya kinasa sauti

Hatari kubwa kwa mwanafunzi wa lugha aghalabu haimo katika kompyuta bali katika kinasa sauti. Kadi nyingi za vinasa sauti hutumia mfumo wa FAT32, ambao hauna inodi wala daftari la nia. Maelezo ya faili, yaani jina, nyakati, ukubwa na bloku ya kwanza, hukaa katika saraka, na mfuatano wa bloku hukaa katika jedwali. Sauti ya mikondo miwili ya biti 16, ikipimwa mara 44,100 kwa sekunde, hula baiti 176,400 kila sekunde, yaani karibu baiti milioni 635 kwa saa. Kinasa huweza kuiandika sauti hiyo kwa mfululizo, lakini kikangoja kuandika ukubwa wake mpaka mtu abonyeze kitufe cha kusimamisha. Tena faili ya WAV ina kichwa ndani yake kitajacho urefu wa sauti, nacho hukamilishwa mwishoni.

Basi betri ikitolewa mzee anapomaliza hadithi, kabla kitufe hakijabonyezwa, kadi yaweza kuonyesha faili yenye ukubwa wa sifuri. Hapo mtu asikate tamaa, na zaidi ya hayo asirekodi tena katika kadi hiyo. Sauti yaweza kuwa imo yote. Kilichokosekana ni maelezo. Kadi itolewe, inakiliwe yote bloku kwa bloku katika kompyuta, na programu za kuokoa faili zitumike katika nakala, si katika kadi. Kurekodi tena ni kuziandika upya bloku ambazo jedwali hudhani ni wazi, na hapo hasara huwa ya kweli.

9. Juu ya istilahi

Neno la Kiingereza litumikalo kwa kitendo cha kuyapeleka mabadiliko kwenye diski hutokana na kusukuma maji. Baadhi ya watu wangependa kulifasiri kwa "kumwaga". Lakini kilichomwagwa, kwa Kiswahili, kimepotea, na watu husema ya kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Istilahi hiyo ingesema kinyume cha jambo lenyewe. "Kulipa" ni bora, kwa kuwa hutaja mdaiwa, mdai na wakati. Nalo hufuatana vizuri na "deni", "kudai" na "kusamehe deni", hata msomaji asiye fundi akaweza kukisia maana ya moja kwa kuijua nyingine. Hiyo ndiyo sifa ya istilahi njema: huja kwa ukoo, haiji peke yake.

Vile vile watengenezaji wa programu za Kiswahili wangefanya vema kulitunza neno "imehifadhiwa" kwa hali moja tu, nayo ni pale diski ilipokiri kupokea. Kabla ya hapo lugha inayo maneno ya kutosha: "imepokewa", au "inahifadhiwa". Tofauti kati ya -na- na -me- ni silabi moja, na kila mtoto wa Mikumi aijua kabla hajaanza shule. Mtafiti ayaonaye maneno "inahifadhiwa" kiooni atajua kwamba bado hajaruhusiwa kuchomoa kadi, wala kufunga mashine na kuondoka.

Mpaka hapo itakapokuwa hivyo, kanuni za mtu wa kazi ni chache. Asimamishe kinasa kwa kitufe kabla ya kugusa betri. Aiondoe kadi au diski ya nje kwa amri ya kuiondoa, kwa kuwa amri hiyo ndiyo idaiyo madeni yote yalipwe. Aweke nakala ya pili mahali pengine siku ile ile. Na kabla ya kuifuta kadi aifungue nakala na kuisikiliza, mwanzo wake na mwisho wake, kwani ukubwa ulioandikwa ni maelezo tu, na ushahidi wa sauti ni sauti.